Kempa ya faiba haivuji, matundu ndiyo yanayovuja

SWALI: Fundi, salaam. Nimenunua kempa ya faiba (faibaglasi) ya mwaka 1994, ya futi tisa na nusu, yaani kile kijumba cha kulala safarini kinachopakiwa kwenye bodi la pikapu. Nimeipata kwa dola 4,500. Gari langu ni Ford F-250 ya 2004, dizeli, milango minne, na kibandiko cha mlangoni kinasema uzito wa juu kabisa, gari na mzigo wake wote, ni pauni 8,800. Sakafu ya kitanda, pale inapotokeza juu ya kichwa cha gari, inabonyea ukiikanyaga, na ndani kuna harufu ya ukungu. Jirani yangu anasema ninunue ndoo mbili za rangi ya mpira, nipake paa lote, kazi imekwisha. Mwezi wa tano nataka kuingia nyika ya Owyhee na mke wangu na watoto wawili, tukae siku nne au tano mbali na umeme na bomba. Nina dola 3,000 za matengenezo. Nianzie wapi? Baba Neema, Boise, Idaho.

JIBU: Ndugu yangu Baba Neema, tuanze na jirani. Mshukuru kwa nia yake njema, halafu hizo ndoo ziache dukani. Rangi ya mpira juu ya faiba iliyopauka hukaa miaka michache, kisha hubanduka kama ngozi iliyoungua jua, na muda wote huo maji chini yake yanaendelea na shughuli zao. Tena siku utakayotaka kuziba kwa haki hutaona tundu liko wapi, na hakuna gundi itakayoshika mpaka uikwangue rangi yote. Kwetu pwani, mtu akipaka jahazi mafuta ya sifa juu ya ubao uliooza hatusemi amelitengeneza. Tunasema amelisitiri mpaka litakapozama.

La pili: usinunue kitu, hata karatasi ya msasa, kabla hujalipeleka gari mizanini. Nitafika huko chini, na huenda usifurahi.

Kempa nyingi za Marekani ni fremu ya mbao au alumini iliyovikwa ngozi nyembamba ubavuni na mpira juu, na kila kona ni kiungo kinachongoja kuachia. Yako ni ya ukoo mwingine. Kempa za faiba, kama zile za Bigfoot na Northern Lite zinazoundwa British Columbia huko Canada, hutolewa kwenye kalibu kama boti: nusu ya chini na nusu ya juu, kisha zikafunikana kama bakuli na kifuniko chake. Kiungo kirefu ni kimoja tu, kile cha kiunoni, kilichofichwa na mshipi wa mpira au alumini. Ganda lenyewe halina kutu wala kuni ya kuoza, na likitunzwa litakuzika wewe na mimi. Kinachooza ni plaiwudi na miti iliyobandikwa kwa ndani, na maji hayawezi kuifikia mpaka mtu ayakatie njia.

Njia hizo ni nyingi kuliko unavyofikiri. Kuna madirisha, tundu la hewa la paani, kiyoyozi, kofia ya bomba la choo, riveti za mshipi, mabano ya jeki za kuinulia kempa, taa za kona, na zile skurubu nne za mwenye kempa wa tatu aliyetaka kutundika baiskeli na hakupata pengine pa kuzitundika. Fundi aliyenifunza kazi Mtwapa, kwenye maboti ya faiba ya kuvulia samaki wakubwa, alikuwa akikuta tundu jipya kwenye boti bila ruhusa yake hukasirika kana kwamba ametobolewa yeye. Wakati ule nilimwona mkorofi. Leo nikikagua kempa, kazi yangu ya kwanza ni kuhesabu matundu kwa chaki, na ukarabati mzima nauongoza kwa swali moja: nikimaliza, matundu yatakuwa yamepungua au yameongezeka?

Kuyatafuta yanayovuja usingoje mvua. Azima mashine ya kupulizia majani. Funga madirisha yote na mlango, ziba kwa utepe wa karatasi unaonata matundu ya jiko, ya hita na ya friji, na mimina maji kidogo kwenye mitego ya sinki ili hewa isitokee huko. Fungua tundu la hewa la paani, lifunike kwa plastiki nzito, pitisha mdomo wa mashine, uiwashe mwendo wa chini. Kempa itavimba kidogo kwa hewa. Sasa zunguka nje na chupa ya maji ya sabuni, unyunyize kila kiungo. Pale hewa inapotoka pataumka povu, na maji huingilia papo hapo. Tia alama. Nimeona watu wakilaumu paa miaka mitatu kumbe povu linaumka kwenye taa ndogo ya kona ambayo hakuna aliyewahi kuifikiria. Kwako wewe, kwa sakafu ya kitanda kubonyea, ningeanza na dirisha la mbele kama unalo, kisha taa zilizo juu yake.

Ukishapata orodha yako, toa dirisha moja moja. Usitoe mawili kwa siku, maana mvua ya Idaho haina ahadi. Ndani kuna pete ya alumini yenye skurubu: zilegeze zote na dirisha litasukumika nje. Kwangua gundi ya zamani kwa kipande cha plastiki au cha mti, malizia na kitambaa chenye mafuta ya kuyeyushia rangi, kisha asetoni. Ukikuta silikoni, kaa chini uvute pumzi, maana utaikwangua nusu siku. Silikoni ni adui wa faiba kwa sababu haishikiki na kitu chochote baada yake, hata silikoni nyingine. Rudisha dirisha kwa utepe wa butili, ule mweusi au wa kijivu unaonyooka kama ubani uliotafunwa. Kaza skurubu kwa zamu, upande huu na upande wa pili, ulale, kesho yake ukaze tena, maana butili hutambaa polepole. Kinachominywa nje kikate kwa kisu cha plastiki. Na tafadhali, vile vitundu vidogo vilivyo chini ya fremu kwa nje usivizibe. Vimewekwa ili maji yanayoingia kwenye reli ya kioo yatoke. Kila mwaka napokea kempa ambayo mwenyewe ameviziba kwa bidii, naye anashangaa maji yanamwagika kitandani.

Sasa sakafu ya kitanda. Fungulia ndani, usikate ganda kwa nje. Toa godoro, toa zulia, kisha gonga kwa sarafu kutoka pazima kwenda palipobonyea. Palipo pazima panalia kavu na kali. Palipoachana au kulowa panajibu kwa sauti ya kiziwi, kama kugonga boga. Chora mpaka kwa chaki, ongeza kiganja kimoja kila upande, na ukate plaiwudi ya juu peke yake kwa msumeno uliopimwa kina. Utakachokikuta ni plaiwudi laini kama keki, na chini yake povu jeupe. Povu hilo lenyewe haliozi, ila likijaa maji litupe.

Hapa ndipo haraka huua kazi. Niliwahi kufunika plaiwudi mbichi ndani ya sitaha ya boti kwa kuwa mwenyewe alikuwa na wageni Jumamosi. Baada ya miezi minane boti ilirudi, na safari ile nililipa mimi. Weka feni na mashine ya kunyonya unyevu, funga mlango, usubiri wiki mbili, tatu ikibidi. Nunua kipima unyevu cha mbao, ni dola chache tu. Mpaka mbao zilizobaki zisome chini ya asilimia 15, usibandike kitu.

Plaiwudi mpya iwe ya kutengenezea boti. Ipake epoksi, ile gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili, pande zote na zaidi kwenye kingo, maana maji hupenda kuingilia mwisho wa mti. Ibandike kwa epoksi iliyokorezwa unga wake, uikandamize kwa mifuko ya mchanga usiku kucha. Skurubu zinazopenya mpaka nje, hata moja, hapana.

Nyufa za nje zina hukumu mbili. Zile nyembamba kama utando wa buibui ziko kwenye jelikoti tu, yaani ile ngozi ya rangi: zisugue, zijaze, zisahau. Ufa unaoanzia kwenye kona ya mlango au ya dirisha, au pale pua ya kitanda inapokutana na ukuta wa mbele, na ukiukandamiza kwa kidole kingo zake zinacheza, huo umefika kwenye nyuzi. Chonga mteremko kwa grenda yenye msasa wa 40 mpaka ufikie mwisho wa ufa. Kipimo chetu ni kumi na mbili kwa moja, kwa hiyo ganda la milimita 3 linadai mteremko wa milimita 36 kila upande. Watu huona ni kubwa mno, wakachonga sentimita moja, kiraka kikaruka kwenye barabara ya kwanza ya mawe. Jaza kwa tabaka za faiba, kipande kidogo kwanza na kikubwa mwisho au kinyume chake. Mafundi watakesha wakibishana juu ya hilo, nami nimeona vyote viwili vikidumu.

Kwa nje tumia resini ya poliesta, yaani ule utomvu wa kugandishia nyuzi, ndiyo iliyotumika kiwandani, na jelikoti huikubali. Jelikoti ya kawaida juu ya epoksi hubaki inanata. Mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa nao una mambo yake: gundi inayoushikilia huyeyuka ndani ya poliesta, lakini kwa epoksi haiyeyuki, kwa hiyo ukitumia epoksi chukua kitambaa kilichofumwa. Dawa ya kugandisha, MEKP, ni asilimia 1 hadi 2 ya resini. Usikisie kwa jicho. Mwezi wa tatu Boise bado kuna baridi, na poliesta chini ya nyuzi 15 hivi za Selsiasi huzembea. Usiongeze dawa ili kuiharakisha, pasha joto chumba. Sisi Mtwapa tulifunga leso puani tukajiona tumejikinga. Usituige: vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, miwani iliyofunika pande zote, na mikono mirefu. Tone moja la ile dawa likiingia jichoni linaweza kukuharibia jicho.

Kabla sijatoka kwenye ganda, kuna sehemu ninayoiogopa kuliko sakafu ya kitanda: mabano ya jeki kwenye kona nne. Nyuma yake kuna mbao, na skurubu kubwa zimekuwa zikizivutia maji tangu 1994. Inua kempa kidogo, inchi mbili tu, usimame kando utazame kila bano. Likiinama au likitoa mlio, ishushe mara moja. Kona iliyooza humwaga kempa nzima chini, na hilo halitoi onyo mara mbili. Mbao za kona zikiwa mbovu, fedha zako zianzie hapo, na madirisha yangoje. Watoto wasipande ndani wala kupita chini yake ikiwa imesimama kwenye jeki.

Haya, mizani. Nenda kituo cha malori chenye mizani ya CAT Scale, gari likiwa na tangi limejaa, nyinyi wanne ndani, bila kempa. Utapewa karatasi yenye uzito wa ekseli ya mbele, wa nyuma, na jumla. F-250 ya dizeli yenye milango minne na watu wanne, sitashangaa ikisoma pauni 7,200. Toa kwenye 8,800, zinabaki 1,600. Kempa ya futi tisa na nusu, ikiwa kavu na tupu, huanzia pauni 2,000 na kwenda juu. Hujaweka maji bado, wala gesi, wala sufuria.

Najua utakachoambiwa: tia springi za hewa. Springi za hewa zitainua mkia wa gari na kupunguza kuyumba, nami nazipenda, lakini hazibadilishi namba ya mlangoni hata kwa pauni moja. Breki, ekseli na chesisi ni zile zile. Angalia na tairi pia. Tairi za LT265/75R16 za daraja E hubeba pauni 3,415 kila moja zikiwa na upepo wa pauni 80 kwa inchi ya mraba. Mbili za nyuma ni 6,830, na uzito wote wa kempa karibu unalalia ekseli hiyo moja. Ukipunguza upepo ili upite mawe kwa ulaini, uwezo huo nao unashuka.

Mimi ningekuwa na hiari tatu. Kubadilisha gari kuwa la daraja la juu zaidi, lile liitwalo la tani moja. Kuuza kempa hii ikishakarabatiwa, ambayo itakuwa na bei nzuri, na kutafuta ya futi nane au pungufu. Au kuipunguza hii uzito mpaka mizani ikubali, jambo ambalo kwa namba zako nina shaka nalo, ila hata ukichagua mojawapo ya zile mbili za mwanzo bado inafaa kupunguza.

Na hapa uzito na matundu vinakuwa jambo moja. Kiyoyozi cha paani kina uzito wa pauni 80 hadi 100, kimekaa mahali pabaya kuliko pote, juu kabisa, kikilivuta gari upande kila gurudumu linaposhuka kwenye shimo. Huko Owyhee huna umeme wa kukiendesha. Kitoe. Tundu lake ni la kawaida, inchi 14 kwa 14, linapokea feni ya volti 12 moja kwa moja. Friji ya zamani ya gesi nayo iondoke. Inataka gari lisimame sawasawa, la sivyo mzunguko wake wa amonia unakwama na friji kufa taratibu, na porini nani atakupa uwanja tambarare? Weka ya kompresa ya volti 12. Ukishaitoa ile, tundu kubwa la ubavuni na la paani hazina kazi tena: zifunge kwa faiba, moja kwa moja, kama hazikuwahi kuwepo. Kile kivuli cha turubai cha kukunja kilicho ubavuni kimeshikwa na skurubu zaidi ya kumi. Kitoe, uzibe, nunua turubai na kamba. Hapo umepunguza uzito na umeziba njia za maji kwa mkupuo mmoja.

Maji nayo ni uzito. Galoni 30 ni pauni 250. Beba nusu tangini, nyingine kwenye madumu ndani ya gari, chini, mbele ya ekseli ya nyuma.

Kwa umeme sitakuchosha. Betri moja ya lithiamu ya fosfeti ya chuma ya saa-ampea 100 ina kilo 12 hivi na inatosha friji na taa kwa siku mbili ukibana matumizi. Ya asidi yenye ukubwa huo ina uzito zaidi ya mara mbili, na nusu yake tu ndiyo utumie. Usiichaji ya lithiamu ikiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, kwa hiyo iweke ndani, si kwenye sanduku la nje. Weka kifaa cha kuchajia kutoka kwenye altaneta ya gari, fyuzi karibu kabisa na betri, na paneli ngumu ya sola kwenye reli. Zile paneli laini za kubandika huchemka juu ya faiba na kufa mapema. Reli zibandike kwa gundi ya poliyurethani. Naam, bila skurubu.

Gesi ina uzito kuliko hewa, hushuka sakafuni. Sanduku la mtungi lazima lizibwe kabisa upande wa chumbani na liwe na tundu la kutolea chini. Hilo ni tundu moja ambalo usithubutu kuliziba. Pima viungo kwa maji ya sabuni. Kitambuzi cha gesi na cha kaboni monoksidi vya zamani vina tarehe nyuma. Vikishapita, vitupe ununue vipya kabla ya kununua kitu kingine chochote cha ndani.

Ukimaliza kuziba, usishangae ukiamka ukuta umelowa. Watu wanne wakilala kwenye kijichumba cha faiba, pumzi zao peke yake zinatosha kulowesha godoro, na wengi hapo huanza tena kusaka tundu lisilokuwepo. Acha feni ya juu wazi vidole viwili na dirisha moja la chini vivyo hivyo, hata kukiwa na baridi, na chini ya godoro weka chaga ili hewa ipite.

Kuhusu safari yenyewe, barabara ile ya Owyhee kutoka Grand View mpaka Jordan Valley, Oregon, ni maili 100 hivi, na udongo wake ukilowa hugeuka sabuni. Mwezi wa tano bado mvua hunyesha, na gari refu lenye mzigo wa juu likianza kuteleza upande hakuna dereva, kuna abiria tu. Piga simu ofisi ya ardhi ya shirikisho, BLM, uulize hali ya njia wiki ile ile. Ifunge kempa kwenye chesisi, si kwenye bodi la pikapu, weka mkeka wa mpira chini yake, na ukishaenda maili 20 simama ukaze tena. Pima kimo cha gari lote, ukiandike kwenye kioo.

Usiku wa kwanza usiwe huko. Nendeni Bruneau Dunes, ni karibu na nyumbani na pana umeme na maji ya kukimbilia mambo yakiharibika. Lala huko usiku mmoja, kesho asubuhi ingiza mkono kwenye kila kona ya kitanda.

Nami nasubiri zile namba tatu za mizani: mbele, nyuma, jumla. Niandikie kabla hujashika grenda.